Mbegu za Mwisho za Marakuja

Kila asubuhi Élisabeth hufagia kiwanja chake huko Murara, mtaa mmoja wa Goma. Vumbi la Goma ni jeusi, kwa sababu ni mawe ya volkano yaliyosagika. Ukilifagia leo, kesho limerudi. Yeye halikasirikii. Hufagia polepole kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa mawe. Kisha hunyunyiza maji kidogo, hukaa, na huanza kuchambua maharagwe.

Nyumba yake ni ya mbao, yenye mabati juu. Anaishi humo na mume wake, Onésime. Deborah, mjukuu wao, anakaa nao kwa ajili ya masomo. Baba yake Deborah ni Jeancy, mtoto wao wa kwanza, anayefanya kazi mpakani Bunagana. Deborah humwita bibi yake Koko. Majirani nao wamezoea kumwita hivyo hivyo.

Élisabeth na Onésime walizaliwa katika milima ya Masisi. Huko walikuwa na ng'ombe. Walishuka Goma wakati wa vita, wakiwa na godoro moja na sufuria mbili. Miaka mingi imepita. Onésime bado anawakumbuka ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina yao. Élisabeth anakumbuka marakuja, yale matunda ya pasheni.

Mama yake aliipanda kwenye uzio wakati Élisabeth alipokuwa darasa la tatu. Mmea ule ulipanda juu ya miti ya uzio mpaka ukaufunika upande wote uliotazama mto. Asubuhi, watoto walipita chini yake kwenda shuleni, na umande ukawadondokea shingoni. Matunda yalipoiva yalianguka yenyewe, meusi yenye wekundu, yakilala kwenye nyasi. Mama aliyapasua kwa meno na kumpa kila mtoto nusu. Mkubwa alipata nusu, na mdogo alipata nusu. Siku ile yote mikono ilinukia marakuja, hata ukiwa umeshika kalamu.

Mwezi mmoja wa sita, mgeni alifika Murara. Alikuwa Uwizeye, binti wa mdogo wake Élisabeth aliyefariki. Uwizeye anaishi Kalengera, lakini alikuwa amekwenda Masisi kuona kiwanja cha zamani. Alifungua kitenge chake. Ndani mlikuwa na matunda matano ya marakuja.

"Mama mukubwa," alisema Uwizeye, "haya njo ya mwisho."

"Ya mwisho namna gani?"

"Uzio wamekata kuni. Nilikuta shina iko chini, imekauka. Haya matano yalikuwa chini ya majani makavu. Niliokota tu."

Élisabeth alilishika tunda moja, akalinusa. Nyumba ya mama yake ilikuwa imeanguka zamani. Ng'ombe walikwisha. Katika vitu vyote ambavyo mikono ya mama yake ilivifanya, kimoja tu kilikuwa bado hai, na sasa nacho kimekatwa. Kilichobaki ni matunda matano kitengeni.

"Nitaipanda hapa," alisema.

"Hapa juu ya mawe?" aliuliza Onésime.

"Hapa juu ya mawe, Papa Jeancy. Na sisi wenyewe si tuliota hapa juu ya mawe?"

Nyumbani Masisi, mbegu hukaa juu ya moto. Mahindi ya kupanda hutundikwa juu ya mafiga, moshi unayapiga, na wadudu hawayagusi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Kwa hiyo Élisabeth alipasua matunda manne, akatoa mbegu, akazitandaza juu ya ungo wa zamani. Ungo akautundika jikoni, juu ya moto. Tunda la tano aliliacha dirishani karibu na kitanda, kwa ajili ya harufu yake tu.

Baada ya wiki moja mbegu zilikuwa kavu kabisa. Zililia kama changarawe ukizitikisa. Élisabeth alifurahi. Alizipanda katika makopo kumi ya maziwa, akayapanga kando ya ukuta. Akamwagilia. Akangoja.

Wiki ya kwanza hakukuwa na kitu. Wiki ya pili, hakuna. Wiki ya nne, Deborah alichuchumaa mbele ya makopo akayatazama.

"Koko, pengine zimelala."

"Mutu analala usiku moja, mutoto yangu. Hizi zimelala mwezi."

Élisabeth alifukua udongo kwa ukucha. Alitoa mbegu moja. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, na ndani yake tupu. Alifukua nyingine. Ilikuwa vile vile. Alirudisha udongo polepole, kama mtu anayefunika kitu asichotaka watu wakione.

Upande wa pili wa ukuta anakaa Kaswera. Yeye ni mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa upande wa Butembo. Baba yake alikuwa na shamba kubwa la marakuja, na Kaswera alikua akibeba miche. Siku hizi anauza miche ya kabichi na nyanya kando ya barabara. Siku ile alichungulia juu ya ukuta.

"Koko, makopo yako iko na nini ndani?"

"Iko na huzuni," alijibu Élisabeth. "Nilipanda marakuja, haioti."

"Mbegu ulikausha wapi?"

"Juu ya moto, kama mahindi."

Kaswera alizunguka, akaingia kwa mlango wa kiwanja, akakaa chini karibu naye.

"Basi, Koko, hukuzipanda. Ulizipika."

"Mama yangu alikuwa anakausha kila mbegu juu ya moto."

"Mahindi inapenda moshi. Maharagwe inavumilia. Lakini marakuja inazaliwa ndani ya maji yake. Ukiikausha sana, inakufa, ama inalala miezi na miezi. Sasa unikumbushe kitu. Ile ya kwenye uzio yenye unasimulia kila siku, mama yako aliipanda na mbegu ya moshi?"

Élisabeth aliinamisha kichwa, akafikiri. Aliiona siku ile. Mama anarudi kutoka ubatizo wa mtoto wa shangazi, nguo ya Jumapili bado mwilini. Mkononi ana tunda moja alilopewa njiani. Analipasua pale pale kwenye uzio, anachimba kwa kidole, anaingiza mbegu zikiwa na maji yake yote. Kisha anafuta kidole kwenye nyasi na kuingia ndani kubadilisha nguo.

"Hapana," alisema Élisabeth. "Aliipanda ikiwa mbichi. Siku ile ile."

"Umeona? Alijua. Ni sisi tulisahau."

"Lakini sasa zimekwisha, Kaswera. Nilipasua manne."

"Manne? Na yote yalikuwa mangapi?"

"Uwizeye alileta matano." Élisabeth aliinuka haraka kuliko umri wake. "Deborah, ile ya dirishani iko wapi?"

Deborah aliingia ndani akatoka nalo. Tunda lilikuwa limejikunja kama magoti ya mbuzi. Rangi ilikuwa imekwisha.

"Hiyo ni takataka," alisema Onésime kutoka kwenye kivuli. "Nilitaka kuitupa jana."

"Papa Jeancy, ungeitupa, na weye ungeenda nayo."

Kaswera alilipima tunda kiganjani. Alilitikisa karibu na sikio. "Kujikunja si kuoza. Ngozi imekauka tu. Lakini siwezi kuapa. Tupasue."

Élisabeth alishika kisu mwenyewe. Upande mmoja wa tunda ulikuwa na ukungu wa kijani. Mbegu zake zilishikamana, zimeharibika. Upande wa pili bado ulikuwa na maji, ya njano, na harufu ilitoka ikajaa kiwanja. Onésime mwenyewe alisogeza kiti.

"Hizi ziko hai," alisema Kaswera. "Tufanye pole pole."

Walikamua mbegu nzuri pamoja na maji yake ndani ya kikombe. Wakakifunika kwa kitambaa na kukiacha siku mbili jikoni, mbali na moshi. Siku ya tatu maji yalikuwa na povu kidogo.

"Ni vizuri hivyo," Kaswera alieleza. "Ile nyama ya utelezi inayoshika mbegu imelegea. Ikibaki, inazuia mbegu kuota."

Élisabeth alizisugua mbegu kwa vidole ndani ya kichujio cha chai, akazisuuza mpaka zikawa safi. Kisha Kaswera alizitia katika bakuli la maji. Nyingine zilielea. Nyingine zilizama.

"Zenye kuelea ni tupu. Tunachukua zenye kuzama."

Zilizozama zilikuwa kumi na tisa. Élisabeth alizihesabu mara mbili. Walizilaza usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu, na asubuhi wakazipanda. Hawakuzianika popote.

Walitumia vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini ili maji yatoke. Waliweka udongo mweusi, mchanga kidogo, na mbolea ya ng'ombe ya zamani iliyooza mpaka haina harufu. Kila mbegu iliingia chini kwa urefu wa ukucha tu. Kaswera aliwaonyesha namna ya kumwagilia. Maji yanyunyizwe kwa mkono, udongo uwe na ubichi lakini usiwe matope. Vikombe vilikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mahali penye joto na pasipo moshi.

"Siku ngapi?" aliuliza Élisabeth.

"Wiki mbili, tatu, hata nne. Usifukue, Koko. Najua kidole yako."

Élisabeth hakufukua. Siku ya ishirini na mbili, asubuhi, aliona udongo umepasuka. Kitu cha kijani kilikuwa kimeinama kama mtu anayetoka kwenye mlango mfupi. Mwisho wa wiki ile iliota miche minne. Mbegu zile nyingine kumi na tano hazikuota kamwe.

"Minne," alisema Onésime.

"Nyumbani ilikuwa moja," alijibu mkewe.

Miche ilipofika urefu wa rula ya shule, mvua zilikuwa zimerudi. Onésime alichukua baramina, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe. Alivunja mashimo manne kwenye jiwe, upande wa ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi. Kaswera ndiye aliyechagua upande ule. Alisema marakuja isiyoona jua haionyeshi ua. Udongo uliletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, magunia sita. Walisimamisha miti mitatu na kufunga nyaya mbili, moja usawa wa kifua na nyingine juu ya usawa wa kichwa.

Miche ikashika. Kaswera alifurahi kuiona. Lakini mwezi ule ule mama yake aliugua huko Butembo, naye akaenda kumuuguza. Alikaa huko zaidi ya mwaka.

Mmea ukabaki mikononi mwa Onésime.

Onésime alikuwa anamjua mtu mwenye ng'ombe pembeni ya mji. Kila wiki alikwenda kumsalimia, akasimama kidogo kati ya ng'ombe, akawagusa migongo. Kila wiki alirudi na mfuko wa mbolea begani, akaumwaga kwenye mashina. Mtu wa ng'ombe haamini kwamba mbolea inaweza kuzidi. Wiki akikosa kwenda, alisikia kama amewalaza watoto na njaa.

Mmea ulikua ajabu. Majani yakawa mapana na ya kijani kizito. Ulifunika nyaya, ukafunika ukuta, ukapanda juu ya mabati. Wapita njia walisimama kuutazama. Lakini haukutoa ua. Mwaka uliisha, mvua za pili zikaja, bado hakuna hata tumba moja.

Élisabeth alianza kuogopa. Mmea usiochanua hautoi tunda, na bila tunda hakuna mbegu. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Kila asubuhi aliinua majani, akatafuta, akayashusha.

"Mama Jeancy," alisema Onésime siku moja, "tumefuga majani. Tuyakate, tupande maharagwe. Maharagwe haidanganyi mutu."

"Hii ikikatwa, hakuna ingine popote."

"Na ikibaki hivi, iko na faida gani?"

Élisabeth alichukua ufagio akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Kaswera alirudi mwezi wa kumi na mbili, akiwa amenyoa nywele. Mama yake alikuwa amefariki. Élisabeth alimpelekea chakula, akakaa naye siku tatu bila kutaja mmea. Siku ya nne Kaswera mwenyewe alichungulia juu ya ukuta. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni nini? Pori?" Alikuja, akashika jani, akalikunja. Akainama chini, akanusa udongo. "Nani anailisha?"

"Mimi," alisema Onésime, kifua mbele. "Kila wiki. Mufuko muzima."

"Muzee, niulize kitu. Mutamba akilishwa sana, akanenepa mpaka mafuta inamufunika, anashika mimba?"

Onésime alikuwa amefuga ng'ombe miaka arobaini.

"Hapana," alisema. "Anakataa dume. Inabidi apungue kwanza."

"Basi mutamba yako njo huyu."

Élisabeth alicheka mpaka akashika ukuta, na Kaswera naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Kaswera kucheka tangu arudi.

"Mbolea ni muzuri," Kaswera aliendelea. "Lakini ikizidi, mumea unafikiri majani tu. Sasa mbolea basi, mpaka miezi mine. Mutie majivu ya jikoni, ngumi mbili kwa kila shina, mbali na shina kama mukono mpaka kiwiko. Majivu inasaidia maua. Na tukate."

"Kukata?" Élisabeth aliacha kucheka.

"Si shina, Koko. Shina ni mama, hatuigusi. Tunakata vyenye vimekauka ndani, na vyenye vimefungana kama nywele. Jua haliingii humu. Ua linatoka kwenye tawi changa tu, pale jani linaposhikamana na tawi. Tawi la zamani halitoi ua tena." Alimpa kisu. "Ukate wewe. Mimi nitaonyesha kidole."

Tawi la kwanza Élisabeth alilishika mara tatu kabla ya kulikata. La kumi alilikata bila kuuliza. Walikata asubuhi nzima. Waliacha matawi ya pembeni yaning'inie kutoka kwenye waya kama pazia, na kila moja lilipata nafasi yake ya jua. Yaliyokuwa yamejificha chini ya mabati waliyarudisha kwenye nyaya. Jioni mmea ulionekana mwembamba na maskini.

"Umemunyoa kama mimi," alisema Kaswera.

"Nywele inarudi, mutoto yangu," Élisabeth alijibu.

Machipukizi mapya yalitoka baada ya wiki mbili. Wiki ya saba, Élisabeth aliinua tawi na kuona kitu cha duara, kijani, kidogo kama punje ya njegere. Hakumwita mtu. Alitazama kwanza peke yake.

Ua la kwanza lilifunguka siku ya Jumamosi, asubuhi mapema. Majani yake ya nje yalikuwa meupe. Juu yake kulikuwa na nyuzi nyingi zilizozunguka kama kope, nyeupe kwenye ncha, zambarau karibu na moyo. Katikati palisimama kishina, na juu yake vitu vitatu kama misumari midogo.

"Katekista wetu alisema ni misumari ya Yesu," alisema Kaswera.

"Mama yangu aliita jicho la ndama," alisema Élisabeth. "Tazama hizo kope."

Onésime alisogea karibu, akainama. "Mama yako alijua ndama," alisema.

Kabla ya adhuhuri ua likaanza kujifunga. Deborah aliogopa kwamba limekufa. Kaswera akamweleza kwamba ua la marakuja hii huishi siku moja, na saa zake ni za asubuhi. Katika saa hizo wadudu hubeba unga wake kutoka ua hadi ua, na tunda hushika vizuri zaidi.

Wadudu walikuwepo. Walikuwa wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Walikuwa na matundu kwenye ukuta wa nyumba, na Onésime alikuwa amechanganya udongo tayari ili awazibie.

"Wananilia nyumba," alilalamika.

"Muzee, hao njo wafanyakazi wako. Weka gogo moja kavu karibu na marakuja. Watahamia pole pole. Ukiwafukuza sasa, utakula maua."

Onésime alisimama na udongo mkononi. Kisha akautumia kuziba ufa wa jiko, akaenda kutafuta gogo.

Maua yakafuatana, mawili, matano, mpaka hayakuhesabika tena. Matunda yakashika, yakakaa kijani miezi miwili na nusu, kisha yakageuka rangi. Hawakuyachuma. Waliyangoja yaanguke, kwa kuwa tunda lililoanguka ndilo lililoiva. Mwezi wa tano Élisabeth alikuta la kwanza juu ya vumbi jeusi.

Alilipasua siku ile ile. Siku mbili katika kikombe, kichujio, bakuli la maji, vikombe vilivyotobolewa. Hakuna mbegu iliyopita karibu na moshi. Ziliota thelathini na moja. Mche ulipofika kimo cha rula ulipata mtu wa kuuchukua. Miche sita ilikwenda Kalengera kwa Uwizeye, imefungwa kwenye majani ya ndizi. Jeancy alichukua minne kwenda Bunagana. Kaswera alipanda mitano upande wake wa ukuta. Mama mmoja asiyejulikana alisimama njiani kuulizia, akaondoka na miwili na maelezo marefu kuhusu majivu.

Kiwanja kilipotulia, Élisabeth aliokota tunda lingine chini ya majani. Tangu Uwizeye afungue kitenge, hakuwa ameonja hata moja. Alilipasua kwa meno. Akampa Deborah nusu. Nusu yake akaila yote, maji na mbegu, akizitafuna moja moja bila haraka.

"Na mbegu?" aliuliza Onésime.

"Nimemeza," alisema, akainama kuokota lingine.